Ombi la Kwanza Hukataliwa

Watu wa Kingi, kijiji cha milima ya Masisi, hawakujua mwanafunzi wa chuo kikuu anafanya kazi gani hasa, ila walikuwa na hakika kwamba ni kazi kubwa. Nestor, mtoto wa mzee Sebahire, alikuwa amekwenda Léopoldville kwa ndege, na mtu hapandi ndege kwenda kufanya upuuzi. Aliporudi likizo ya mwaka 1958, amevaa viatu vya kahawia ambavyo tope la Masisi halikuvipa heshima hata siku moja, kina mama waliokuwa wakipalilia maharage walinyoosha migongo wakamuuliza amebakiza nini huko shuleni. Akasema amebakiza kuandika. Kuandika tu? Kuandika tu, mama. Wakamwonea huruma kidogo, maana wao walijua barua huandikwa kwa alasiri moja, naye alisema hii yake itamchukua mwaka mzima.

Barua hiyo ndefu wenyewe chuoni waliiita memwari, yaani andiko la kumalizia masomo. Hakuna aliyeruhusiwa kuliandika kwa kujiamulia. Kwanza ulisimama mbele ya maprofesa ukawaeleza unataka kuchunguza jambo gani, kwa nini, na kwa njia gani. Wakikubali, unaendelea. Wakikataa, unapewa jambo la kwao, kama mtoto anavyopewa suruali ya kaka yake. Nestor hakutaka suruali ya mtu. Alikuwa na jambo lake, na alikuwa amelitunza tangu utotoni.

Jambo lenyewe lilikuwa nyama. Miaka ya vita, baba yake alikuwa akishuka msituni Walikale na mizigo ya maharage na kurudi na mafuta ya mawese na nyama iliyokaushwa kwa moshi. Rafiki yake wa huko aliitwa Bauma. Mapadri walikuwa wamembatiza Athanase, naye alikuwa Athanase siku za Jumapili na Bauma siku nyingine zote, kwa sababu siku nyingine zote alikuwa bwana wa nyavu: mtu wa kuongoza windo na, windo likiisha, kugawa. Safari moja Nestor alifuatana na baba yake, akamwona Bauma akipasua nguruwe wa porini juu ya majani ya migomba, ukoo mzima umekaa kimya kuliko kanisani. Kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Kichwa, kidari, shingo, figo, na paja la kushoto lililokuwa na haki isiyokuwa ya paja la kulia. Bauma alikata huku akitaja: huyu kwa kuwa mbwa ni wake, huyu kwa kuwa dada yake aliolewa ng'ambo ya mto, huyu kwa kuwa msimu uliopita alinyimwa. Hakuna aliyelalamika wala aliyesahauliwa. Mtoto yule wa milimani alielewa, bila kuambiwa na mtu, kwamba anatazama sheria. Kwingine sheria inakaa mahakamani, yenye milango na karani. Hapa ilikaa ndani ya nguruwe, na Bauma ndiye aliyejua kuisoma yote.

Basi huo ndio utafiti aliotaka kuufanya: namna watu wa msitu wa Walikale wanavyogawa mawindo, na jinsi mgawo huo unavyosema nani ni nani. Alikuwa ameuandalia kichwa cha Kifaransa kirefu kama mkia wa nyani. Alijua pia kwamba vijana wengi wa huko sasa walikuwa wakiondoka kwenda migodini na kwenye mashamba ya kahawa, na nyama walikuwa wakiinunua kwa vipande bila kujua ni ya upande gani. Bauma alikuwa mzee. Ilikuwa sasa au basi.

Maprofesa watatu walikuja Kivu kupumzika, kwenye jumba moja la mapadri ukingoni mwa ziwa, karibu na Kirotshe. Kwa kuwa mwanafunzi wao alikuwa jirani, waliona heri wamsikilize huko huko badala ya kungoja chuo kifunguliwe. Nestor aliingia amevaa tai ya kuazima. Akasimama mbele ya meza yenye bilauri za maji na sahani ya biskuti, akaeleza mradi wake. Na alieleza vizuri, wala tusimpunguzie. Sauti haikutetemeka, Kifaransa kilinyooka, na alipofika kwenye paja la kushoto, padri mmoja profesa, yule aliyekuwa msimamizi wake, alisahau biskuti mkononi.

Kisha profesa mwenye kipara, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wao, akavua miwani. "Bwana Sebahire, kwa nini sayansi ijishughulishe na nani amekula shingo ya nguruwe?"

Nestor akainamisha kichwa, akaunganisha mikono.

"Na huyu mzee wako, akikudanganya utajuaje? Mtu mmoja ni ushahidi?"

Nestor akainama zaidi kidogo.

"Mimi naona hakuna utafiti hapa," akasema profesa. "Naona hadithi za porini. Una la kusema?"

Nestor hakuwa na la kusema, na zaidi ya hapo, alikuwa na furaha. Ndiyo, furaha. Moyo wake ulikuwa ukidunda kama wa mposaji, kwa sababu alikuwa akikataliwa, na kwao mtu hakataliwi kwa nguvu hivyo isipokuwa anachoomba kina thamani na mwenye nacho ameanza kufikiri kukitoa.

Hapa lazima tusimame kidogo, maana asiye wa milima ile atamcheka bure. Dada yake Nestor, Mukandori, alipoposwa, nyumba ya kina mchumba ilimtuma msemaji, mzee Hakorimana, mtu mwenye ulimi wa asali na subira ya punda. Hakorimana alipofika, Sebahire alimwambia kwa ukali kwamba nyumba hii haina binti, ina mbuzi tu, na hata hao mbuzi si wa kuuza. Mukandori alikuwa nyuma ya ukuta akisikia yote, anacheka ndani ya kitenge. Hakorimana hakubisha. Aliinama, akanywa pombe ya ndizi aliyopewa, akaongea habari za mvua, akaondoka, na fimbo yake akaiacha imeegemea ukuta. Kila mtu aliiona na hakuna aliyemwambia umesahau. Aliporudi "kuichukua," alikataliwa tena, kwa sauti ya chini kidogo. Aliporudi safari nyingine, wakazungumza. Ndivyo jambo zito linavyoombwa, milimani na msituni pia. Ombi la kwanza hukataliwa, na muombaji mwenye adabu hunyamaza, huinama, na huacha kitu cha kumrudisha. Kinachotolewa papo hapo ni maji ya kunywa, na maji hupewa hata mpita njia.

Ndiyo maana Nestor alinyamaza. Lakini wale mezani hawakuwa baba mkwe wa mtu. Mwenye kipara akavaa miwani yake, akaandika kitu kifupi, akasema kwa wenzake, "Hana jibu," na biskuti zikaendelea.

Padri msimamizi wake alimkuta bustanini, amesimama karibu na maua, bado anatabasamu, akingoja kuambiwa arudi lini. "Kwa nini hukujibu?" padri akauliza. Nestor akamweleza. Akaeleza yote, hata fimbo. Padri alicheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyeonyeshwa kitu kizuri katika saa isiyofaa. Halafu akaona kijana hacheki, naye akaacha.

"Sikiliza, Nestor. Kule ndani hakuna mtu anayekukatalia ili urudi. Ukiulizwa, jibu. Hapana ni hapana, na ndiyo ni ndiyo. Usipojifunza hilo watakumaliza. Na hata kwenye utafiti wenyewe ni hivyo hivyo: andika anachokuambia mtu, usiandike unachotaka kusikia." Akamshika bega. "Nitawabembeleza. Kabla hatujaondoka hapa, niletee neno la huyo Bauma kwamba atakubali kukufundisha. Wakijua mwenye elimu yupo na amekubali, watakusikiliza tena."

Nestor alirudi barabarani masikio yakiwaka moto. Kila alipokumbuka jinsi alivyoinama mbele ya biskuti zile, na furaha yake ile ya kipumbavu, alitamani ardhi ya Kirotshe impasukie. Aibu ni mwalimu, lakini ni mwalimu mbaya, anayefundisha somo moja na kukusahaulisha mengine yote. Njia nzima Nestor alirudia moyoni: hapana ni hapana, ndiyo ni ndiyo. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Yeye aliuacha mbacha wake pale pale, kando ya ziwa, bila hata kuukunja.

Alipata lori lililokuwa likienda Walikale kuchukua mawese. Alibeba mfuko wa chumvi, kitenge kizuri cha mke wa Bauma, na koti la sufu la Bauma mwenyewe, maana mkono mtupu haulambwi. Alishuka mahali njia ya miguu inapoingia msituni, akatembea chini ya miti inayodondosha maji hata bila mvua, hadi kijijini.

Bauma alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa amepungua mwili, lakini kifua bado kilikuwa kile kile kipana, na alimwita "mutoto wangu" kabla hajakaa. Mama Emérence, mke wake, akaleta ndizi za kuchoma na sombe, yaani kisamvu, yenye samaki. Wakala. Wakaulizana habari za Sebahire na magoti yake, habari za kahawa, habari za wale vijana waliokwenda migodini. Kisha Nestor akafuta mikono, akaeleza kilichomleta. Alieleza moja kwa moja, kama alivyoambiwa watu wa elimu wanaeleza.

Bauma alisikiliza hadi mwisho. Akachukua tumbaku, akaivuta, akatazama miti.

"Hapana," akasema. "Ile kintu unaomba, hapa hatuna nayo. Nani alikuambia tuko na sheria? Nyama iko nyama tu. Tunakata, tunakula."

"Lakini Papa, mimi mwenyewe niliona, nikiwa mutoto."

"Uliona njaa," Bauma akasema kwa ukali, na Mama Emérence, aliyekuwa akikusanya sahani, akageuza uso haraka kuficha kicheko. "Mutoto mwenye njaa anaona mambo mingi. Mi siko na kintu ya kukufundisha. Hapana."

Yule Nestor wa zamani, yule wa bustanini aliyekuwa akitabasamu, angejua hapo hapo kwamba mlango umefunguliwa. Angeongea habari za mvua. Lakini yule alikuwa amechekwa, na sasa aliyeketi pale alikuwa mwanafunzi mzuri mno. Hapana ni hapana, akajisemea. Andika anachokuambia mtu. Akaona memwari yake inaanguka kama mgomba uliokatwa, lakini akajikaza kiume.

"Nimesikia, Papa," akasema. "Sitakusumbua tena. Aksanti kwa kunipokea." Akatoa koti, kitenge na chumvi, akavipanga mbele yao kimoja kimoja, akashukuru kwa kila kimoja, jinsi mtu anavyofunga hesabu na watu ambao hatarajii kuonana nao.

Bauma alilitazama lile koti muda mrefu. Hakuligusa. "Unaenda sasa?"

"Lori itapita kesho asubuhi, Papa. Nataka kuwa barabarani mbele ya giza kuingia."

Mama Emérence akamsindikiza hadi mwanzo wa njia. Alikuwa hacheki tena. Alimtazama mikononi, akamtazama mabegani, akageuka kuangalia nyumba aliyotoka kana kwamba anatafuta kitu pale ukutani.

"Haukusahau kintu, mutoto wangu?"

Nestor akasimama. Akafungua begi lake, akapekua kwa uangalifu, maana alikuwa kijana mwenye mpango. Kalamu, karatasi, taulo, sabuni. "Hapana, Mama. Nimebeba byote."

"Angalia muzuri."

"Niliangalia, Mama. Byote iko humu."

Akaagana naye, akaondoka.

Lori lilipopita karibu na Kingi, Nestor hakumwomba dereva asimame. Angemwambia nini baba yake? Kwamba rafiki yake wa miaka yote hiyo amemkatalia? Alijikunja nyuma ya mapipa ya mawese, akaiona mitaro ya shamba la nyumbani ikipita, akaendelea hadi ziwani. Kama angeshuka pale, hata kwa kunywa maji tu, mambo yangekuwa mengine. Hilo alikuja kulifikiria sana baadaye, wakati kufikiri kulikuwa hakusaidii kitu.

Mbele ya maprofesa, safari hii, alijibu kila kitu. Mzee amekataa? Amekataa, Bwana Profesa. Amesema nini hasa? Nestor akayasoma maneno ya Bauma kama yalivyotamkwa, hata lile la njaa. Mwenye kipara akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema huyu kijana amebadilika, kwamba kukubali matokeo ndiyo mwanzo wa sayansi, na akampa jambo lingine pale pale: mauzo ya maharage katika soko la Mweso. Padri msimamizi wake alimpongeza kwa kumpa mkono. Mkono ulikuwa wa joto, na Nestor aliona haya kwamba alikuwa radhi kupongezwa.

Akaandika juu ya maharage. Aliandika vizuri, kama mtu anavyolima shamba la jirani. Mwaka uliofuata akapewa shahada yake, na Kingi ikafanya sherehe ambayo watu waliisimulia hadi Masisi centre. Mbuzi walichinjwa, pombe ya ndizi ikatoka kwa mitungi, kwaya ya parokia ikaimba. Mzee Sebahire, magoti yamekwisha lakini macho yako wazi, aliketi karibu na mwanawe akishika ile karatasi ya shahada kwa ncha za vidole.

"Na kitabu ya Bauma?" akauliza. "Umeileta? Hata kama sijui kusoma, nataka kuishika."

Nestor alikuwa ameiogopa siku hii mwaka mzima. "Hakuna kitabu ya Bauma, Papa. Alikatala."

Sebahire akacheka. "Najua alikatala. Angefanya nini ingine? Na kisha?"

"Na kisha nini?"

"Kisha ulirudia. Alikuambia nini uliporudia?"

Nestor akatazama bilauri yake. "Sikurudia, Papa. Alisema hapana, nikamushukuru, nikaenda."

Kwaya ilikuwa ikiimba kwa nguvu, na Sebahire akainama karibu kama mtu ambaye hakusikia, ingawa alisikia. "Fimbo yako uliacha wapi?"

"Sikuwa na fimbo."

"Basi kofia. Leso. Kintu yoyote, Nestor."

Hapo ndipo Nestor aliposikia tena sauti ya Mama Emérence mwanzo wa njia, akajiona mwenyewe anapekua begi, anahesabu sabuni yake. Akaelewa yote kwa mara moja, na alipoelewa, alitaka kulia mbele ya wageni wa sherehe yake. Lililomuumiza zaidi ni kwamba hakuwa mjinga wa jambo lile. Angekuwa Mzungu angesamehewa. Yeye aliijua desturi ile tangu tumboni, aliifuata hadi mbele ya watu ambao haikuwahusu, kisha akaiacha mbele ya mtu pekee aliyekuwa akimngoja nayo. Majuto ni mjukuu, na wake huyu alikuja akiwa ameshaota meno.

Sebahire hakumgombeza. Ingekuwa afadhali angemgombeza. Alikunja ile karatasi ya shahada polepole, akamrudishia, akasema, "Utaenda na Hakorimana. Mi siwezi kutembea tena. Muende kwa njia yake, namna iko."

Walikwenda kwa njia yake. Hakorimana, sasa mzee wa kukohoa, alichagua mwenyewe mbuzi, akachagua mitungi, na akachukua fimbo yake iliyong'aa kwa viganja. Ndani ya lori alimfundisha Nestor namna ya kukaa na namna ya kunyamaza, kana kwamba Nestor ndiye aliyekuwa akiposa, na Nestor alikubali kila neno. Alikuwa na matumaini. Hata sherehe ya shahada haikuwa imempa matumaini kama yale. Kama Bauma angekubali, angeandika tena, bila chuo, bila maprofesa, angeandika kwa ajili ya jambo lenyewe.

Mama Emérence aliwakuta kisimani, ndoo kichwani. Alimsalimu Hakorimana kwanza. Kisha akamtazama Nestor bila hasira, na huko kukosa hasira hakukumpendeza Nestor.

"Ile siku ulienda," akasema, "Papa alituma batu kuita ndugu zake. Batoke ng'ambo ya mto, bote. Akasema mutoto wa Sebahire atarudia kesho ao kesho kutwa, tutamuonyesha. Balienda na nyavu, baliua nguruwe mukubwa. Balimutundika pale. Papa akakatala mutu asimukate mbele ya wewe kufika, juu alitaka uone kuanzia mwanzo." Akatua ndoo. "Tulingoja. Bandugu yake balikaa pale banamuangalia. Nguruwe akaoza, Nestor. Mi niliolewa hapa mutoto, na siyaona nyama inaoza mu lupango, hapa nyumbani kwa Bauma. Balimuchimbia shimo."

Hakorimana akafunga macho. Nestor akainama, akaichukua ile ndoo.

Bauma alikuwa ameketi mbele ya nyumba akisuka wavu. Aliwakaribisha vizuri, akawapa viti, akauliza habari za Sebahire. Hakorimana akaegemeza fimbo yake ukutani mahali pa kuonekana, akakohoa, akaanza ile kazi aliyoijua kuliko watu wote wa milima ile.

"Papa Bauma, siye tunapita tu. Tuko batu ya njaa, tumesikia kwenu kuko kintu muzuri, na tunajua hauwezi kutupatia, juu siye ni batu ya bure..."

Bauma akainua mkono, bila ukali.

"Muzee Hakorimana, usichoke. Anataka kujua namna tunagawa nyama. Iko sawa. Aandike."

Kwa nukta moja Nestor alifurahi. Neno alilolitamani lilikuwa limetamkwa: ndiyo. Akatoa kalamu. Ndipo alipotupa jicho kwa Hakorimana, akaona uso wa mzee umebadilika kama uso wa mtu aliyefika matangani akidhani ni harusini.

"Kichwa iko ya mukubwa wa kijiji," Bauma akasema, vidole vinaendelea kusuka. "Kidari iko ya mwenye wavu. Paja iko ya mwenye kupiga mukuki. Ingine tunakula bote. Ndio ile tu. Iko bwepesi."

"Na figo, Papa?" Nestor akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Na paja ya kushoto? Na ule mwenye alinyimwa musimu yenye ilipita?"

"Figo tunakula pia," Bauma akasema kwa upole. "Iko tamu."

Hakorimana akashuka kitini. Alishuka taratibu, kwa sababu ya mgongo, akapiga magoti juu ya udongo ule wenye maji, mzee wa miaka ile, msemaji wa harusi zote za Kingi, na mikono yake akaiweka juu ya wavu wa Bauma ili vidole visimame.

"Papa Bauma. Tafazali. Utukatalie."

Bauma aliitazama mikono ile juu ya wavu wake. Mama Emérence alikuwa amesimama mlangoni, amejifunika mdomo kwa mkono.

"Nitakukatalia nini, ndugu yangu?" Bauma akasema mwishowe. "Mutu anakatalia mutoto wake. Anakatalia mukwe. Huyu iko mugeni, na mugeni tunamupatia kile anaomba, aende na salama." Akauondoa mkono wa Hakorimana juu ya wavu kwa heshima kubwa, akamsaidia kuinuka, akampangusia magoti. Kisha akamgeukia Nestor, na uso wake ulikuwa mwema, mwema kabisa, kama uso wa mtu anayemwelekeza msafiri asiyemjua.

"Andika, Bwana Nestor. Kidari uliandika?"

"Niliandika, Papa," Nestor akasema, na akaandika kidari.